Panya Wamepimwa, Rayhana Bado

Watu walipomuuliza Umutesi anafanya kazi gani, alikuwa na majibu mawili. Kwa mchungaji wake, na kwa wanaume waliokuja na nia ya posa, alisema yuko kwenye utafiti. Kwa majirani, waliomjua tangu akitembea pekupeku na ambao hawakuwa tayari kumvumilia maringo, alisema anapima macho ya panya. Hapo kicheko kilianza, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Rayhana.

"Panya iko na macho muzuri, we mutoto!" alisema siku ya kwanza aliposikia, akijipiga paja. "Kama haina macho, inajuaje fasi naficha samaki?"

Rayhana alikuwa mdogo wa mama yake Umutesi. Dada yake alipofariki alimchukua mtoto akamlea, wala hakumlazimisha kubadili dini. Jumapili alimvalisha gauni la kanisani kwa mikono yake mwenyewe, Ijumaa akaenda zake msikitini, na sikukuu za pande zote mbili zikaliwa katika nyumba moja. Umutesi alimwita Mama. Rayhana alikuwa na mume zamani, akaondoka. Biashara yake ilikuwa viazi. Vilishuka kwa magunia kutoka milimani Mudende, naye akavivusha kila asubuhi kwa Petite Barrière, kile kizuizi cha mpakani cha waendao kwa miguu, kwenda Goma, akarudi jioni miguu imejaa vumbi jeusi na mdomo umejaa habari.

Maabara ilikuwa nyuma ya chuo kimoja, juu kidogo ya mji, mahali ambapo ukifungua dirisha unaliona ziwa lote. Lakini madirisha ya chumba cha panya hayakufunguliwa. Mkuu wa kazi alikuwa Daktari Gatete, mtu aliyekulia Tanzania na kurudi na Kiswahili kilichonyooka kama shati la pasi. Alitaka kujua kama majani fulani ambayo watu wa milimani hukamulia machoni yanaponya au yanaunguza. Ila kabla ya kumtilia panya hata tone moja, alitaka kwanza ajue jicho la panya mzima linavyofanya kazi.

"Usipomjua mzima, mgonjwa utamtambuaje?" aliwaambia. Kwa hiyo mwaka mzima kazi yao ikawa kupima panya wasioumwa chochote.

Hawakuwa panya wa darini. Walikuwa weupe mwili, weusi kichwa hadi mabega, kana kwamba kila mmoja amevishwa kofia ya baridi. Umutesi alimfunga panya kwenye taulo dogo, akabakiza uso tu, kisha akalisogelea jicho na kifaa kidogo chenye ncha nyembamba. Ncha iligusa jicho na kurudi kabla panya hajawahi kupepesa, kifaa kikalia "ti", na namba ikatokea: hiyo ndiyo presha ya ndani ya jicho. Baada ya hapo panya aliwekwa juu ya kigoda katikati ya pipa kubwa lisilo na mfuniko, ambalo ndani yake limepakwa mistari myeusi na myeupe ya kusimama. Pipa likazungushwa polepole. Panya anayeona hawezi kujizuia. Kichwa chake kinaifuata mistari, kinarudi, kinaifuata tena. Asiyeona anakaa tu. Yote haya yalifanyika kwenye mwanga mwekundu hafifu, kwa sababu jicho la panya karibu haliujui wekundu, naye hudhani ni giza na kutulia.

Umutesi aliipenda kazi hiyo mno. Aliijua mikono yake, alijua kumshika panya asilie, na akafika mahali pa kumtambua mwenye kasoro hata kabla pipa halijamaliza mzunguko. Siku walipokuja wageni kutoka Kigali, Daktari Gatete alimshika bega mbele yao akasema, "Huyu binti ana jicho." Sifa hiyo alitembea nayo wiki nzima. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi, na laiti ningekuwa karibu ningemnong'oneza hilo. Lakini mtu aliyesifiwa asubuhi husikia nini?

Siku moja alisahau chakula chake nyumbani, na Rayhana, ambaye hakuvuka mpaka siku hiyo, akampelekea. Alipanda kilima chote na bakuli la sombe, yale majani ya muhogo, na sambaza, visamaki vya ziwani, wa kukaanga, akaingia chumba cha mwanga mwekundu bila kubisha hodi, akajikwaa kizingiti, nusura aende chini na bakuli lake.

"Mama!" Umutesi alicheka. "Umeonja nini njiani?"

"Nimeonja miaka," alijibu Rayhana, akipapasa ukuta. "Giza gani hii munakaa ndani? Muko wachawi?"

Alimwekea kiti. Rayhana akakaa kutazama. Alitazama kifaa kikigusa jicho, alitazama pipa likizunguka na kile kichwa cheusi kikiifuata mistari, na kwa mara ya kwanza tangu Umutesi amjue akasahau kutania. Mwisho akasema, kwa sauti ile ile ya masihara:

"Na mi je? Nipime na mi."

"Mama, hii iko mashine ya panya."

"Bon, mi si panya yako? Nakula kidogo, naamuka mapema, napitisha bintu kwa mupaka. Iko panya gani inanishinda?"

Daktari Gatete alikuwa mlangoni, akacheka hadi akavua miwani. "Karibu, bibi. Tutakutafutia kizimba kizuri."

Rayhana alicheka kuwapita wote. Umutesi naye, kwa ile fahari ya mtu anayejua jambo lake, akamweleza kwamba kifaa kimetengenezwa kwa jicho dogo, kwamba kikimpima mtu kitatoa namba ya uongo, na kwamba macho ya watu yana hospitali yake. Kila alichosema kilikuwa kweli. Kisha akamgeukia panya aliyefuata, na Rayhana akaachwa atoke mwenyewe, mkono ukutani.

Inafaa ujue jinsi nyumba ile ilivyozungumza. Rayhana hakuwahi kusema jambo zito kwa uso mzito. Mume wake alipomwacha, aliwatangazia majirani akipakua chakula: "Leo wali itabaki mingi." Tumbo lilipomsumbua hadi akalazwa, alimtumia Umutesi ujumbe kwamba amepata hoteli yenye mashuka meupe. Umutesi alikuwa amekulia ndani ya utani huo, akaujua kama anavyojua njia ya kwenda kisimani. Mtu mwingine yeyote aliyeambiwa "nipime" angeweza kusamehewa. Yeye hapana. Yeye alipaswa kusikia.

Maana Rayhana hakusema mara moja. Tangu siku ile ikawa ndiyo salamu yake ya jioni. Umutesi akivua viatu mlangoni, sauti inatoka jikoni:

"Panya wamepimwa?"

"Bado, Mama."

"Mi ndo ningali kwa mustari?"

"We unafuata. Nikimaliza panya, zamu yako."

Na wote wawili wakacheka, na chakula kikaliwa.

Kulikuwa na mengine ya kuona, kama mtu angetaka kuyaona. Rayhana aliacha kwenda msikitini kwa sala ya jioni, akawa anasali chumbani. Umutesi akamwita mvivu. Mteja mmoja wa Goma alilalamika kwamba viazi vyake siku hizi vina vya kijani ndani yake. Umutesi akasema Mama amezeeka, hana tena subira ya kuchagua. Rayhana alipochagua viazi alivipapasa kimoja kimoja kwa vidole, uso umeinuliwa juu, kama anasikiliza redio. Umutesi alipita hapo kila siku na kumruka.

Lakini liko jambo moja aliloliona, tena aliliona kwa macho mawili, na hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Aliona kwamba Rayhana ana mwanamume.

Mwanamume mwenyewe alikuwa Ntwari. Miguu yake ilipooza utotoni, na kama wenzake wengi pale mpakani aliendesha baiskeli kubwa ya magurudumu matatu, anayoizungusha kwa mikono, yenye sehemu ya mizigo iliyobeba magunia mengi kuliko pikapu. Kila asubuhi alibeba viazi vya Rayhana. Hilo halikuwa na neno. Neno lilikuwa kwamba Rayhana hakutangulia mbele na wenzake kama zamani, wala hakufuata nyuma. Alitembea ubavuni mwa Ntwari, mkono wake wa kushoto umelala kwenye chuma cha baiskeli, karibu kabisa na bega lake, kutoka sokoni hadi ng'ambo. Wakitembea wanaongea. Ntwari akisema kitu kwa sauti ya chini, Rayhana anacheka na kuinua mguu vizuri, kama bibi harusi.

Wa kwanza kumwambia Umutesi alikuwa Immy, jirani aliyerudi kutoka Uganda na ambaye habari za watu zilimkaa rohoni kuliko zake. "Mama yako amepata wake," alisema, akikonyeza. "Mzee yule wa baiskeli ya mikono. Wanashikana mchana kweupe."

Siku ya pili Umutesi alichelewa kazini makusudi, akaenda kujionea. Ilikuwa kweli. Mkono ulikuwa palepale. Lisemwalo lipo. Alisimama kando ya muuza maandazi, uso unawaka, akahesabu moyoni wote wanaomfahamu: waumini wa kanisa lake, wanafunzi wa chuo, yule kijana wa benki aliyeanza kumpigia simu. Wote, alidhani, wanautazama ule mkono.

Jioni hiyo salamu haikuitikiwa.

"Panya wamepimwa?" sauti ilitoka jikoni.

"Mama, wewe na Ntwari muko na nini?"

Kijiko kikawekwa chini. "Ntwari? Iko anabeba viazi yangu."

"Na mkono wako iko inabeba nini? Watu wanasema. Mtaa muzima wanasema. Mi niko na kazi ya heshima, Mama. Kama munataka kuoana, muoane. Lakini kushikana kule barabarani, mbele ya watu, uache. Nakuomba. Unanipa haya."

Rayhana alitoka jikoni akasimama mlangoni, akifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa akiangalia pembeni kidogo ya mahali Umutesi alipokaa. Mdomo wake ulifunguka, na kwa dakika ile, Umutesi alikuja kuwaza baadaye, huenda lilikuwa linakuja neno lililonyooka, la kwanza katika maisha yake yote. Lakini Umutesi alikuwa amekunja uso, na neno likarudi lilikotoka.

"Bon," alisema Rayhana. "Mi nilifikiri niko bado muzuri kidogo, kumbe naharibia mutoto ndoa." Akacheka. "Nitaacha, mama. Usikasirike. Nitaacha."

Na akaacha. Asubuhi iliyofuata Umutesi alichungulia tena kutoka kwa muuza maandazi, akaona Ntwari ametangulia na magunia, na Rayhana anakuja nyuma peke yake, hatua fupi, mikono imekaa mbele ya tumbo. Umutesi akashusha pumzi. Alinunua hata maandazi mawili, akala njiani akienda kazini, na siku hiyo alipima panya vizuri sana.

Haikupita wiki. Ilikuwa saa ya asubuhi ambapo watu wanavuka kwa wingi, wenye beseni kichwani, wenye kuku, wenye ndoo za maziwa. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya Goma isiyo na breki ya kutegemewa, ilikuwa ikishuka imebeba mbao, na mwendeshaji wake anapiga mluzi na kupaza sauti watu wapishe. Wote walipisha. Ilitokea upande wa kushoto. Rayhana alisimama akasikiliza mluzi unatoka wapi, akapisha kuelekea kule kule.

Alivunjika mkono juu ya kifundo, akachubuka paji la uso. Walipompigia simu Umutesi alikuwa na panya mkononi. Alimkuta kituo cha afya amekaa kwenye benchi, mkono umefungwa plasta, kitenge kina damu, akiwachekesha wauguzi.

"Ile chukudu ilinipenda kwa nguvu," alimwambia. "Na hapo hakuna mutu atasema tulishikana."

Umutesi alicheka pamoja na wauguzi. Na hilo nalo lilikuja kumrudia.

Daktari Gatete alimpa ruhusa ya siku chache akae nyumbani. Sasa mpimaji hakuwa na panya wa kumshughulisha, akabaki na mtu. Siku ya pili alifua mashuka, akayatundika uani, huku Rayhana ameketi mkekani anaota jua, mkono wa plasta umelala juu ya mto. Kati ya mashuka lilikuwemo moja la mistari, la zamani, jeusi na jeupe. Upepo wa ziwani ukalijaza likapepea. Kuku aliyekuwa akiparua alishtuka akageuza kichwa. Paka akageuza kichwa. Shuka lilipita karibu kabisa na sikio la Rayhana, na Rayhana hakutikisa hata kope.

Umutesi alisimama na vibanio vya nguo mdomoni. Alilitoa shuka kambani taratibu. Akalikunja likawa kipande, akachuchumaa mbele ya mama yake, akakipitisha kutoka mbali kushoto, polepole, kama anavyozungusha pipa. Mtu hageuzi kichwa kama panya. Kwake macho ndiyo hukimbia. Macho ya Rayhana hayakukimbia. Mistari ilipita bega, ikapita shavu, na ilipofika mbele ya pua ndipo macho yaliposhtuka na kuidaka. Akajaribu kutoka kulia. Ikawa vilevile. Akajaribu kutoka juu.

"Unafanya nini?" Rayhana aliuliza.

"Nakunja nguo, Mama."

"Hapana. Unanipima."

Umutesi alilishusha shuka magotini. Vibanio vilikuwa vimeanguka mkekani, hakujua saa ngapi.

"Panya wamekwisha?" Rayhana aliuliza kwa upole, na safari hii hakucheka.

Hospitali ya macho waliyoiendea, daktari alikuwa mwanamke mpole mwenye vidole vya baridi. Alikitoa kifaa chake kwenye mkoba, na kabla hajakiwasha Umutesi alikuwa ameshakitambua. Kilikuwa ndugu wa kile cha maabara, kikubwa kidogo tu. Ncha ikagusa jicho. Ti. Namba iliyotokea Umutesi hakuwahi kuisoma kwa panya hata mmoja mzima. Jicho la pili lilikuwa baya zaidi.

Ni presha ya macho, alisema daktari. Haina maumivu yoyote. Inakula pembeni kwanza, kidogo kidogo, mtu anabaki anaona mbele tu, kama anachungulia kwenye tundu la kitasa, na ubongo unamdanganya kwamba yuko sawa. Matone yatalinda kilichobaki, akiyatia kila siku bila kukosa. Kilichokwenda hakirudi.

"Ingegunduliwa mwaka jana je?" Umutesi aliuliza.

Daktari alimtazama, akaona uso wake, akachagua maneno. "Mwaka jana kilichobaki cha kulinda kilikuwa kingi zaidi."

Mwaka jana. Bakuli la sombe, kile kizingiti, mkono ukutani. Hata kama kifaa cha panya kingekosea namba, kwa jicho lile kingekosea kwa kupiga kelele. Wala hakikuhitajika kifaa. Kidole tu kingetosha: Mama, fuata kidole changu. Kwenye basi la kurudi nyumbani Umutesi alilia bila kuficha uso, watu wakimtazama, na ile haya yote aliyokuwa nayo haikuonekana ilikokwenda. Majuto ni mjukuu, tunasema, na wajukuu wengine huja kwa kishindo.

"Nyamaza," alisema Rayhana, akiutafuta mkono wake kwa ule mmoja mzima. "Mbele naona. Uso yako naiona yote. Imevimba kama andazi."

"Juu ya nini hukuniambia, Mama? Kwa kinywa, muzuri muzuri?"

Rayhana alifikiri. "Nilikuambia," alisema.

Kesho yake Umutesi alikwenda mpakani kumtafuta Ntwari. Alimkuta kivulini, baiskeli tupu, anakula muhindi. Alikuwa mtu mzima mwenye mabega mapana na mvi za ndevu, na alipomwona alifuta mkono kwenye suruali kabla ya kumpa.

"Mama anaendelea namuna gani?" aliuliza.

"Ulijua?" Umutesi alimwuliza. "Macho yake. Ulijua?"

"Mi ndo nilikuwa macho yake, dada." Alisema kama anayetaja jambo la kawaida. "Namwambia, Rayhana, shimo. Rayhana, jiwe. Rayhana, polisi iko kwa mukono ya kushoto, salimia. Anashika chuma, tunaenda. Siku moja asubuhi akaniambia, Ntwari, leo utangulie. Nikamuuliza, nimekosea? Akasema hapana, iko vile mutoto anapenda."

Umutesi alishika ule mti wa kivuli. "Watu walisema munapendana."

"Mi!" Ntwari alicheka hadi punje za muhindi zikamtoka. "Mi niko na bibi yangu pale Birere, kule Goma, anaweza kuniua. Na yeye iko mteja ya viazi ya Rayhana." Kisha akaona Umutesi hacheki, naye akaacha. "Nilimwambia, Rayhana, sema kwa mutoto, si iko anasoma macho? Akasema, anajua. Akimaliza panya, atanipima. Alikuwa anakusifu sana, dada. Kila asubuhi. Kutoka soko mpaka ng'ambo, ni we tu."

Plasta ilikatwa mvua zilipoanza. Umutesi alikuwa amerudi kazini, kwa sababu panya nao walikuwa na zamu zao, lakini Daktari Gatete aliposoma mbele ya wote jinsi vipimo vya panya wazima vilivyokamilika vizuri, naye akataja jina la Umutesi, binti alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Matone alimtilia Mama mwenyewe, asubuhi na jioni. Salamu ya mlangoni ilikuwa imekwisha. Alirudi, akavua viatu, na kutoka jikoni hakuna aliyemwuliza habari za panya.

Siku Rayhana aliposema anataka kurudi kwenye viazi vyake, Umutesi hakubishana. Alikwenda kumwita Ntwari, akamwomba radhi, akamwomba na baiskeli. Asubuhi walitoka watatu. Magunia yakapangwa. Umutesi akauchukua mkono wa mama yake, ule uliopona, akaulaza kwenye chuma karibu na bega la Ntwari. Rayhana akauondoa.

"Hapana," alisema. "Watu."

"Weka, Mama."

"Ulisema wanasema."

"Weka tu. Nakuomba."

Akauweka, kwa wasiwasi, kama anayegusa chungu cha moto. Ntwari akaanza kuzungusha mikono, magurudumu yakalia, wakaingia kwenye umati unaoelekea mpakani. "Rayhana, shimo," alisema Ntwari, na Rayhana akainua mguu vizuri. Umutesi alikwenda ubavuni kwake upande wa pili. Walipofika karibu na kizuizi, mahali palepale pa muuza maandazi, Rayhana alimsogelea.

"Umutesi. Wanatuangalia?"

Umutesi alitazama. Alitazama kulia na kushoto, mbele na nyuma, kwa yale macho yake mazuri. Wanawake walikuwa wakikazana na beseni zao. Mtu alikuwa akimfukuza kuku aliyemponyoka. Muuza maandazi alikuwa akigeuza maandazi. Immy alipita na mfuko wa karoti, akawaamkia "Mwaramutse" bila kusimama.

"Hapana, Mama," alisema. "Hakuna mutu anatuangalia."

"Ata mumoja?"

"Hata mmoja."

Rayhana alitembea kidogo akilitafakari hilo, mkono juu ya chuma.

"Kumbe," alisema, "tungeendelea tu."